Nyumba Yenye Redio

Tarehe 12 Julai mwaka wa 1974, siku ya Ijumaa, nyanya yangu alizikwa huko Kiambere na mimi sikuwepo. Siku hiyo nilikuwa uani kwangu Ruiri nikipura maharagwe, na nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nikiimba.

Nyanya huyo, ambaye kwetu Mbeere tunamwita cucu, ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki kabla sijaota meno. Cucu alisuka vyondo akauza, akanisomesha hadi darasa la saba, kisha akaniambia wazi kwamba hapo ndipo nguvu zake zilipofika. Nilipoolewa Ruiri, huko Umeruni, mbali na kwetu, aliniomba kitu kimoja tu.

"Siku nikienda, nisifunikwe na kitu cha kuazima," alisema. "Wewe ndiye utanifunika."

Maisha yake yote alikuwa amelala chini ya vitu vilivyotoka kwa watu wengine. Nikamwahidi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilinunua blanketi nyekundu yenye mistari miwili nyeusi, nikaiweka kwenye sanduku la mbao. Sikumfunika mtu yeyote nayo. Hata mtoto wetu wa kwanza alipougua kifua, nilimfunika na koti la baba yake.

Mume wangu alikuwa mwalimu ambaye hakupitia chuo. Baada ya Uhuru shule zilifunguliwa nyingi kuliko walimu, na mtu aliyemaliza masomo ya msingi na kuendelea kidogo alipewa chaki akaonyeshwa darasa. Alifundisha hivyo miaka sita. Alifundisha kama alivyofundishwa yeye: anaandika ubaoni, watoto wanaimba alichoandika, anayekosea anachapwa. Halafu mwalimu mkuu akamwita ofisini, akamwambia kwamba wasio na cheti hawataendelea kuwekwa. Kulikuwa na njia moja kwa mtu mwenye mke na watoto ambaye hangeweza kwenda chuoni: kusoma kwa posta na kwa redio, kisha kufanya mtihani.

Vitabu vilikuja kwa bahasha kubwa ya kaki. Vilikuwa vyembamba, vimeandikwa kwa Kiingereza, na vilipangwa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona shuleni. Kila somo lilianza kwa kumwambia msomaji atakachoweza kufanya akimaliza. Halafu maelezo kidogo, halafu maswali, halafu maelezo mengine kidogo. Majibu yalikuwa nyuma ya kitabu, na juu yake pameandikwa usiangalie kabla hujajaribu. Mume wangu alikata kipande cha boksi akayafunika majibu nacho, na sijawahi kumwona akichungulia. Akimaliza kazi ya mwezi aliituma, nayo ilirudi na wino mwekundu wa mtu tusiyemjua.

Upande wa pili wa kozi ulikuwa redio, Jumatatu na Alhamisi jioni. Kwa hiyo tukanunua redio. Sisi wenyewe, nyumba ya udongo yenye paa la mabati! Nilimwandikia cucu barua, najua alisomewa na mjomba wangu aliyekaa naye. Niliandika hivi, kwa maana nilijivuna: "Sasa tuna redio kwetu. Jambo lolote likitokea duniani tutalisikia."

Ile sauti ya redio ilikuwa ya mtu mpole. Iliuliza swali, kisha ikanyamaza ili mwanafunzi ajibu, kisha ikasema, "Vizuri sana." Mume wangu alijibu kwa sauti, amekaa wima kama yuko mbele ya mkaguzi. Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga uji, nikishika nusu ya Kiingereza kile, na mara nyingine nilijibu pia, kimoyomoyo. Nilipokosea, sauti ilisema vizuri sana vilevile. Nilimwambia mume wangu jambo hilo tukacheka.

Lakini redio haikuwa ya masomo peke yake. Hakuna aliyetuambia hivyo; ndivyo ilivyokuwa tu. Kila jioni kabla ya habari yalisomwa matangazo ya vifo, na miaka ile hakukuwa na simu. Mtu akifariki hospitalini au mbali na kwao, familia ilipeleka tangazo, yakasomwa majina ya jamaa na mahali wanapoishi, nao wakisikia wafunge safari. Kwa hiyo jirani walikuja. Walikuja wanane, kumi, wakaketi kwenye vitanda vyetu na juu ya gunia la mahindi, wakasikiliza wakiwa wamenyamaza kama kanisani. Likisomwa jina la kijiji cha karibu, mtu alisema, "Huyo ni wa ukoo gani?" na mwingine akamnyamazisha. Yakiisha matangazo hawakutoka. Walingoja habari, na baada ya habari nyimbo.

Aliyekuja kila siku bila kukosa ni mama mmoja mjane, wa umri wa kuwa mama yangu, ambaye kaka yake alikuwa amelazwa hospitali ya mbali. Aliniita mwari, yaani binti. Alipoingia alisema, "Mwari, hebu tuone kama bado nina kaka."

Redio ilikula betri, ambazo sisi tuliziita mawe. Tulifanya alichofanya kila mtu: mchana tuliyaanika juani, na siku za mawingu niliyaweka kando ya mafiga yapate joto. Julai huko Ruiri jua ni la kubahatisha.

Jumatatu moja, mwezi wa sita, somo lilikuwa la namna ya kufundisha sehemu, nusu na robo. Kitabu kilisema mwalimu awe na kiazi na kisu mbele yake. Nilimletea. Sauti ikamwambia akate kiazi katikati, kisha kila kipande katikati tena. Akakata. Ikasema, "Sasa chukua kipande kimoja uwaulize wanafunzi..." na hapo ikaanza kufifia, ikawa kama mtu anayeenda zake akiongea, ikaisha. Mume wangu alisimama pale na robo ya kiazi mkononi. Akaitikisa redio. Akatoa mawe akayauma kwa meno, kama walivyofanya wengine, akayarudisha. Kimya.

Kazi ya mwezi huo iliporudi ilikuwa na alama mbaya, na wino mwekundu ulisema: "Sikiliza kipindi hicho tena." Alinisomea mara mbili.

"Nisikilize tena wapi?" aliuliza. "Redio inasema mara mbili?"

Kisha akaketi na kunieleza, kwa upole, kwamba mtihani ni mwezi wa kumi na moja, na akianguka atatoka shuleni na sisi tutatoka naye. Tangu siku ile mawe yakawa yanakaa kwenye mkebe wa majani chai, yanatiwa redioni Jumatatu na Alhamisi wakati wa kipindi tu, na kutolewa kipindi kikiisha. Mkebe nilishika mimi. Nataka hili lieleweke. Hakunilazimisha. Niliona ana haki, na mpaka leo sijui angefanya nini kingine.

Jirani tuliwaambia nini? Hapo ndipo tulipokosea. Mume wangu aliona aibu kusema kwamba mwalimu hana uwezo wa kulisha redio yake. Kwa hiyo hatukusema lolote. Saa ya matangazo ikikaribia nilifunga mlango tu. Walibisha siku tatu, nne, kisha wakaacha. Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu mwenye bucha pale sokoni, naye alikuwa na redio aliyoitundika karibu na ndoano za nyama. Watu wakahamia huko.

Maneno yalitufikia. Nikienda kuteka maji nilisikia mwanamke akiwaambia wenzake, bila kupunguza sauti, "Siku hizi redio ya mwalimu imeokoka. Haitaki tena habari za dunia."

"Siyo hivyo," mwingine akajibu. "Wanajifungia ndani wasikie vifo peke yao, kama nyama ya wizi."

Wakacheka. Nilijaza mtungi wangu nikaondoka. Ningeweza kuwaambia kwamba redio yetu ilikuwa bubu siku tano kwa wiki. Lakini nilipendelea waniite mchoyo kuliko maskini.

Jumatano ya wiki ile ya Julai, saa ya matangazo, mlango ulibishwa. Nilijua ni nani kwa namna ya kubisha. Mume wangu alikuwa hajarudi.

"Mwari," yule mjane alisema akiwa nje, "nifungulie. Miguu inaniuma leo, siwezi kufika kwa mwenye bucha. Matangazo tu, halafu naenda."

Nikafungua kidogo. "Redio haina mawe, mama," nikasema.

Mkebe ulikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa changu. Aliniangalia usoni muda kidogo, akasema, "Haya," akageuka. Nilimtazama akishuka njia kuelekea sokoni kwa ile miguu yake.

Kesho yake, Alhamisi, kipindi kilisikika vizuri kuliko siku zote. Kilihusu kufundisha hesabu kwa vitu ambavyo mtoto anaweza kushika mkononi, vijiti na vifuniko vya soda. Mume wangu alifurahi mno. Ijumaa asubuhi aliondoka na mfuko wa kuokotea vifuniko, na mimi nikatandaza maharagwe uani.

Jumapili baada ya kanisa waliingia uani kwangu wanawake saba. Walibeba sukari, unga, na maziwa kwenye kibuyu. Mjane alitangulia, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mwari. Pole sana. Umerudi lini?"

"Kutoka wapi?" niliuliza.

Wakatazamana.

"Kwenu," alisema. "Kwa mazishi."

Nikauliza mazishi ya nani. Mmoja wao akaweka kibuyu chini. Mjane hakuniachia mikono, na alinieleza yeye, polepole. Jumatano ile, alipofika kwa mwenye bucha, alisikia jina la mume wangu likisomwa, mwalimu wa Ruiri, na jina langu, na Kiambere, na kwamba cucu amefariki na atazikwa Ijumaa. Mwenye bucha mwenyewe aliweka kisu chini akasema, "Hao si wa hapa?"

"Na mbona hamkuniambia?" nilisema. Sikusema, nililia.

"Tukuambie nini? Nyinyi ndio wenye redio." Naye alikuwa anaanza kulia. "Mimi nilisema, kumbe ndiyo sababu amenifungia mlango. Maskini, ameshasikia, yuko na msiba wake, hataki watu. Nikawaambia hawa wote wasikusumbue hadi utakaporudi."

Kwa siku zile nilikuwa sitoki, nikishughulika na maharagwe nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeniona. Walidhani nimesafiri, na mume wangu, aliyeonekana akienda shuleni, amebaki na watoto.

Tulisafiri kesho yake, mimi na mume wangu, na blanketi kwenye kiondo. Tulishuka Meru, tukapata basi la Embu, tukalala kwa jamaa, na siku ya pili tukateremkia joto la Mbeere mpaka barabara ilipoisha, tukaenda kwa miguu. Bwawa la Kiambere lilikuwa bado halijajengwa. Mto ulipita tu.  Kwenye mfuko wa koti mume wangu alikuwa na kitabu cha somo lililofuata. Niliiona kona yake. Kazi ilitakiwa kutumwa mwisho wa wiki, na siwezi kumlaumu kwa kukibeba, ila nilikiona.

Mjomba alitupokea akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya cucu. Alitupa maji ya kunywa. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka juu.

"Hamkusikia redio?" aliuliza.

"Mawe yaliisha," mume wangu akasema.

Mjomba akatikisa kichwa, akanielekea mimi. "Tungemtuma mtu aje mpaka kwako. Mtoto wa jirani alishakubali, angefika kwa siku mbili. Lakini nikasema ya nini? Si aliandika ana redio? Redio ni haraka kuliko miguu. Tukapeleka tangazo, likasomwa Jumatano, likasomwa Alhamisi. Siku ya Ijumaa mhubiri alitaka kuanza saa sita. Nikamwambia angoje, yuko njiani, ni lazima amesikia. Tukangoja mpaka saa kumi."

Nilipaswa kusema hapo. Mawe hayakuwa yameisha. Yalikuwa kwenye mkebe nami nilikuwa nimeyapa mgongo. Nilifungua mdomo, nikamwona mume wangu akitazama chini, nikaufunga.

"Alifunikwa na nini?" niliuliza.

"Shuka ya mke wangu."

Nikatoa blanketi kwenye kiondo. Mjomba aliishika pembe, akapima unene wake kwa vidole, akanirudishia.

"Kaburi halifunikwi, mwanangu," alisema. "Rudi nayo."

Tuliporudi Ruiri mume wangu alifanya jambo ambalo hatukulizungumza. Jumatano ya wiki iliyofuata, jioni, alichukua mkebe, akatia mawe redioni, akaitoa nje akaiweka kwenye benchi mbele ya nyumba, sauti juu kabisa. Mjane alikuja wa kwanza. Baadaye wakaja wengine, si wote. Aliendelea hivyo kila jioni, na vipindi vyake viwili alivisikiliza kwa mawe yaliyochoka, sikio limebanwa kwenye spika, akikisia maneno. Wiki nyingine hakusikia chochote, akajifundisha kwa kitabu. Kaka wa yule mjane alipona akarudi kwao kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna redio iliyosema habari hiyo.

Mwezi wa kumi na moja mume wangu alifanya mtihani. Alipita. Barua ilipokuja alinipa niisome mimi kwa sauti, nikaisoma. Akafundisha miaka mingine ishirini na nane, na nitasema ukweli: akawa mwalimu mzuri. Kiboko alikiacha pole pole. Darasa lake lilijaa vifuniko vya soda, vijiti na viazi vilivyokatwa robo, na watu wazima wa hapa bado wananisimamisha sokoni kuniambia kwamba kwake ndipo walipoelewa sehemu. Nafurahi wakisema. Kisha nakwenda nyumbani nikiwa na uzito moyoni.

Mjomba sikumwambia. Alifariki nikiwa bado napanga kumwambia.

Serikali ilipofunga shule kwa sababu ya ule ugonjwa wa korona, wajukuu wetu waliletwa kwetu, na masomo yakawa kwa redio na simu. Mume wangu alikuwa ameshastaafu zamani, macho hafifu. Alikaa nao. Sauti ikiuliza na kunyamaza, yeye ndiye aliyejibu kwanza, watoto wakamcheka babu yao: "Guka, ngoja basi!" Simu ya mama yao ilikuwa moja, watoto wanne, na mara moja ikapigwa katikati ya somo, mtu akitaka mama yao. Mjukuu mkubwa akaikata ili somo lisipotee. Mume wangu akamwambia apige arudishe.

"Lakini Guka, somo!"

"Piga," akasema.

Walipotoka nje kucheza alibaki ameketi. Nilikuwa nikichambua mchele. Bila kunitazama alisema, "Wale waliotunga masomo yetu walipanga vizuri sana. Mpaka muda wa kujibu walikuachia. Lakini walifikiri nyumba ina mtu mmoja."

Hilo ndilo neno la pekee alilowahi kusema juu ya jambo lile. Ningeweza kumjibu. Nilisema, "Ndiyo," nikaendelea na mchele.

Amefariki mwaka huu, mwezi wa tatu. Aliugua wiki mbili tu. Habari ilienda kwa simu, na kufikia jioni uani hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Watu wa umri wa babu walisema walikuwa wanafunzi wake.

Asubuhi ya mazishi binti yangu alikuwa akipanga nguo za baba yake. Alifungua lile sanduku la mbao, akatoka na blanketi nyekundu mikononi, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani.

"Mama, hii ni nzuri na haijatumika," akasema. "Tumfunike nayo?"

Nilipitisha kidole kwenye ile mistari miwili nyeusi. 

"Hapana," nikasema. "Hiyo ina mwenyewe."

Binti yangu hakuniuliza ni nani. Akairudisha ndani ya sanduku, akafunga kifuniko, akaenda kumtafutia baba yake nyingine.